Asilimia 2.9: Ujerumani Mashariki ilivyoanguka, na nani aliyeirithi

Tarehe 18 Machi 1990 wananchi wa Ujerumani Mashariki walichagua Bunge lao kwa uhuru kwa mara ya kwanza, na ikawa mara ya mwisho. Walijitokeza asilimia 93.4 ya waliokuwa na haki ya kupiga kura. Muungano wa vyama vya kihafidhina uliobebwa mgongoni na Helmut Kohl, Kansela wa Ujerumani Magharibi, ulizoa asilimia 48. Chama cha kikomunisti, ambacho kilikuwa kimeshajibatiza jina jipya, kiliambulia asilimia 16.4. Bündnis 90, kambi ya watu walioingia barabarani wakati ambapo kuingia barabarani kulikuwa ni kujitafutia jela au risasi, ilipata asilimia 2.9.

Miezi mitano tu ilikuwa imepita tangu watu hao watikise dola. Walienda wapi wafuasi wao?

Simulizi tuliyoizoea ni fupi: watu walichoka, Ukuta wa Berlin ukabomolewa, ukomunisti ukafa, Wajerumani wakaungana. Uongo haumo, ila mambo mawili yamefungwa kwenye kifurushi kimoja. Kulikuwa na watu waliotaka kuirekebisha nchi yao, na kulikuwa na watu waliotaka kuondoka ndani yake, iwe kwa miguu au kwa kura. Wale wa kwanza walimng'oa mtawala. Wale wa pili, ambao walikuwa wengi zaidi, wakaamua kifuatacho. Anayeyachanganya haya mawili atashangaa kila Ujerumani inapopiga kura na ramani ya Mashariki inatoka na rangi tofauti na ya Magharibi, zaidi ya miaka 30 baadaye.

Nchi iliyokula kesho yake

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, au DDR kwa kifupi cha Kijerumani, ilitangazwa 7 Oktoba 1949 katika eneo lililokuwa chini ya jeshi la Kisovieti. Chama cha kikomunisti cha SED ndicho kilichoshika hatamu, kwanza chini ya Walter Ulbricht, kisha Erich Honecker kuanzia 1971. Kufikia 1961 watu zaidi ya milioni 2.5 walikuwa wameshahamia Magharibi, wengi wao vijana, mafundi na madaktari. Usiku wa kuamkia 13 Agosti mwaka huo serikali ikaziba njia kwa seng'enge, baadaye kwa zege. Huo ndio Ukuta.

Msomaji wa Unguja anaijua nchi hii hata kama hajui kwamba anaijua. Zanzibar ya baada ya Mapinduzi ya 1964 ilikuwa ya kwanza barani Afrika kuitambua DDR, na majumba ya ghorofa ya Kikwajuni na Michenzani yana mkono wa wataalamu wake. Ujerumani Magharibi ilikuja juu. Mwaka 1965, Zanzibar ikiwa imeshaungana na Tanganyika, ikakatisha msaada wake wa kijeshi kwa Tanzania, na Mwalimu Nyerere akaijibu ichukue na misaada yake mingine. Leo watu wanaanika nguo kwenye vibaraza vilivyojengwa kwa msaada wa nchi ambayo haipo kwenye ramani.

Honecker aliwapa watu wake mapatano ambayo hayakuandikwa popote: ninyi nyamazeni kuhusu siasa, nami nitahakikisha kodi ya nyumba ni ndogo, mkate ni rahisi, kila mtu ana kazi na kila mtoto ana chekechea. Tatizo ni kwamba bei hizo zilishikiliwa chini kwa ruzuku, na viwanda havikuzalisha cha kutosha kuilipa. Pengo likazibwa kwa mikopo ya Magharibi. Mwaka 1983 nchi ilinusurika kwa mkopo wa mark bilioni 1 uliopangwa na Franz Josef Strauss, mwanasiasa wa Bavaria ambaye kwa ulimi wake hakuna aliyewachukia wakomunisti kumzidi. Mwananchi wa kawaida aliyeagiza gari dogo la Trabant alisubiri zaidi ya miaka kumi. Mwishoni mwa Oktoba 1989, Gerhard Schürer, mkuu wa tume ya mipango, aliwaandikia wakubwa wa chama ukweli wenyewe: kulisimamisha tu deni lisiendelee kukua kungehitaji kushusha hali ya maisha kwa asilimia 25 hadi 30, na watu wakishushwa hivyo, nchi haitatawalika.

Waliovunja mapatano walikabidhiwa kwa Stasi, idara ya usalama iliyoongozwa na Erich Mielke. Mwaka 1989 ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000, na mashushushu wa kujitolea au wa kulazimishwa wasiopungua 170,000, katika nchi ya watu milioni 16 na ushee. Shushushu alikuwa jirani, mwalimu, kasisi, na kama tutakavyoona, hata mume.

Jumatatu ya Leipzig

Mwaka 1989 ulianza kuharibika Mei. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 7 mwezi huo, matokeo rasmi yalisema asilimia 98.85 wameunga mkono orodha ya chama. Uchakachuaji wa namna hiyo ulikuwa jambo la kawaida. Jipya ni kwamba vikundi vya wanaharakati vilijigawa kwenye vituo, vikasimama pale kura zinapohesabiwa, kama sheria ilivyoruhusu, vikajumlisha. Hesabu zao hazikulingana na za serikali. Kwa mara ya kwanza wizi uliokuwa ukijulikana na kila mtu ukawa na ushahidi mkononi.

Majira ya joto yakafungua mlango wa pili. Hungaria, nayo ya kikomunisti, ilikuwa imeanza kung'oa seng'enge kwenye mpaka wake na Austria, na tarehe 11 Septemba ikawaruhusu rasmi Wajerumani Mashariki waliokuwa likizoni huko kuvuka. Maelfu wakavuka. Wengine wakarundikana ndani ya ubalozi wa Ujerumani Magharibi mjini Prague mpaka bustani yake ikawa matope na mahema, na mwisho wa Septemba wakaruhusiwa kwenda Magharibi kwa treni. Honecker, kwa sababu ya heshima ya dola, alisisitiza treni hizo zipite ndani ya DDR, ili ionekane yeye ndiye anayewafukuza. Matokeo yake, tarehe 4 Oktoba stesheni ya Dresden iligeuka uwanja wa mapambano kati ya polisi na watu waliotaka kudandia.

Hapo ndipo makundi yale mawili yanapoonekana waziwazi. Waliokuwa kwenye treni walikuwa wakisema: tunataka kutoka. Leipzig, ambako tangu 1982 kulikuwa na maombi ya amani kila Jumatatu katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai, sauti ilikuwa nyingine: tunabaki hapa. Kwa masikio ya serikali sauti hii ya pili ndiyo iliyotisha zaidi. Anayeondoka anakuachia nchi. Anayebaki na kudai, unamfanyaje?

Jumatatu ya 9 Oktoba kila mtu Leipzig alijua kwamba damu inaweza kumwagika. Miezi minne nyuma China ilikuwa imewapiga risasi waandamanaji wake Beijing, na Bunge la DDR likaiunga mkono. Hospitali za mji ziliandaliwa akiba ya damu, wazazi waliambiwa wawachukue watoto wao shuleni mapema, na malori ya polisi yalisimama kwenye vichochoro. Jioni, watu 70,000 wakaingia kwenye barabara kuu inayozunguka katikati ya mji, wakiwa na mishumaa. Mtu mwenye mshumaa hana mkono wa kurushia jiwe, maana mkono wa pili unaukinga upepo. Kwenye vipaza sauti vya mji ulisomwa wito wa utulivu wa watu sita: Kurt Masur, kiongozi wa okestra maarufu ya mji, pamoja na mchungaji, mchekeshaji na makatibu watatu wa chama wa mkoa, ambao walitia saini bila kuuliza Berlin. Hakuna aliyefyatua risasi. Idadi ilikuwa imewazidi, amri kutoka juu haikuja, na wanajeshi wa Kisovieti zaidi ya laki tatu waliokuwa nchini humo walibaki kambini, tofauti na Juni 1953 ambapo vifaru vyao viliwakanyaga wafanyakazi. Mikhail Gorbachev alikuwa ameshaamua kwamba hatapigana vita vya watu wengine.

Vijana wawili kutoka Berlin walijificha juu ya mnara wa kanisa, kwenye kinyesi cha njiwa, wakarekodi umati ule kwa kamera ya video. Mkanda ukavushwa kwa siri na kesho yake ukaonekana kwenye televisheni ya Magharibi, ambayo karibu nchi nzima ya Mashariki iliitazama kila jioni. Kuanzia hapo kila mji ukawa na Jumatatu yake.

Kauli waliyoiimba ilikuwa "Wir sind das Volk". Kiswahili kinaibeba vizuri kuliko lugha nyingi: sisi ndio wananchi. Uzito wote uko kwenye hiyo "ndio". Chama kilikuwa kimetawala miaka 40 kwa jina la wananchi, kikaita polisi wake polisi wa wananchi na jeshi lake jeshi la wananchi, na sasa wananchi wenyewe wamesimama nje na kusema jina hilo ni letu, turudishieni.

Honecker aliondolewa na wenzake tarehe 18 Oktoba. Egon Krenz, aliyemrithi, alikuwa ndiye mwenyekiti wa tume iliyotangaza ile asilimia 98.85, kwa hiyo hakumdanganya mtu yeyote kwamba ni sura mpya. Kuhusu usiku wa 9 Novemba nitasema kidogo tu, kwa kuwa umesimuliwa mno. Serikali ilikuwa imetunga kanuni mpya ya kusafiri ambayo ilikusudiwa ianze kesho yake, kwa utaratibu, kwa maombi na mihuri. Msemaji wa chama, Günter Schabowski, hakuwa kwenye kikao kilichoijadili. Mwandishi wa habari alipomuuliza inaanza lini, akapekua karatasi zake na kusema, kwa ninavyojua mimi, mara moja, bila kuchelewa. Watu wakaenda mpakani. Karibu na saa tano na nusu usiku, maofisa wa kizuizi cha Bornholmer Strasse, waliokuwa wamepiga simu jioni nzima bila kupata jibu la maana, walifungua geti.

Huku kwetu habari hizi zilisikilizwa kwa makini. Mapema 1990 Mwalimu Nyerere, ambaye bado alikuwa Mwenyekiti wa CCM, alianza kusema hadharani kwamba kuzungumzia vyama vingi si uhaini, akakumbusha methali ya mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikuta wengi wa waliotoa maoni bado wanataka chama kimoja, lakini ikapendekeza vyama vingi, na sheria ikaanza kutumika 1 Julai 1992. Kwetu chama kilitia maji mapema na bado kiko Ikulu. SED ilinyolewa kavu.

Kineno kimoja

Ukuta ulipofunguka, kundi la pili lilipata uwanja. Kwenye maandamano ya Leipzig ya Novemba na Desemba, kauli ilianza kubadilika: "Wir sind ein Volk". Kwa Kijerumani ni kineno kimoja tu kilichobadilika, "das" ikawa "ein", lakini maana ikahama nyumba. Sisi ndio wananchi ikageuka sisi ni taifa moja. Ya kwanza inamwambia mtawala aliyeko ndani aondoke. Ya pili inaita mtu wa nje aingie.

Wanaharakati wa mwanzo walikuwa watu wa aina ya Bärbel Bohley, mchoraji, na Jens Reich, mwanabiolojia, waliounda Neues Forum Septemba 1989. Waliota ujamaa wenye uhuru, au walau nchi yao wenyewe itakayojitengenezea katiba. Walikaa na serikali kwenye Meza ya Duara kuanzia 7 Desemba, wakajadili kila kitu mpaka usiku, wakapiga kura juu ya kila kitu. Ndoto yao ilikuwa nzuri, nami nawapenda kwa hilo, ila walikuwa wakijadili rangi ya kuta wakati wakazi wamebeba mabegi. Januari 1990 watu wapatao 2,000 walikuwa wakihamia Magharibi kila siku. Bango la wakati huo lilisema, kwa tafsiri, Mark ya Magharibi ikija tutabaki, isipokuja tutaifuata.

Kohl alilisoma bango hilo vizuri. Februari 1990 aliahidi umoja wa sarafu, akazunguka Mashariki kufanya kampeni kana kwamba anagombea huko, na mwezi uliofuata watu wakampa. Vyama vipya vya wenyeji, kwa upande wao, vilikuwa vimeliwa kutoka ndani: Wolfgang Schnur, kiongozi wa chama kipya cha Demokratischer Aufbruch, alifichuliwa siku chache kabla ya uchaguzi kuwa alikuwa shushushu wa Stasi kwa miaka mingi. Wiki chache baadaye Ibrahim Böhme wa chama cha kisoshalisti cha kidemokrasia akaondoka kwa tuhuma hizo hizo, ambazo zilikuja kuthibitika. Chama cha Schnur kilipata asilimia 0.9. Msemaji wake kwa waandishi wa habari alikuwa mwanafizikia wa miaka 35 aitwaye Angela Merkel.

Basi asilimia 2.9 haina uchawi ndani yake. Wapigakura waliwaheshimu waliowafungulia mlango, kisha wakamchagua mwenye fedha.

Moja kwa moja

Tarehe 1 Julai 1990 Mark ya Magharibi ikaanza kutumika Mashariki. Mishahara na pensheni zilibadilishwa moja kwa moja, yaani mark moja ya Mashariki kwa mark moja ya Magharibi. Akiba nazo zilibadilishwa moja kwa moja, lakini kwa kikomo: mark 4,000 kwa mtu mzima, 2,000 kwa mtoto, 6,000 kwa mzee. Kilichozidi kilipata nusu. Benki Kuu ya Magharibi ilikuwa imependekeza mbili kwa moja, watu wakaandamana, wanasiasa wakawasikiliza watu.

Hapa ndipo uchumi wa Mashariki ulipovunjika mgongo, na inafaa kueleza jinsi. Katika miaka ya mwisho ya DDR, kiwanda kililazimika kutumia mark 4.40 za Mashariki ili kuuza nje bidhaa itakayoingiza mark 1 ya Magharibi. Sasa fikiria kiwanda cha majokofu. Jana kilimlipa fundi mark 1,000 za Mashariki, na kwa hesabu ile ya biashara ya nje hizo hazikufika 250 za Magharibi. Leo kinamlipa 1,000 za Magharibi, kwa mashine ile ile na jokofu lile lile. Wateja wa zamani, Umoja wa Kisovieti, Poland na wengine wa kambi ile, sasa wanapaswa kulipa kwa sarafu ngumu ambayo hawana. Na mke wa fundi, akiwa na mark mpya mkononi, anapita mbele ya jokofu la mumewe na kununua la Magharibi, kwa sababu amelitamani kwenye matangazo miaka 20. Fedha iliyompa fundi uwezo wa kununua ndiyo iliyomnyang'anya kazi. Ndani ya mwaka mmoja uzalishaji wa viwanda ulianguka kwa zaidi ya nusu.

Mashirika yote ya umma yalikabidhiwa kwa chombo kimoja, Treuhandanstalt. Kilipokea mashirika kama 8,500 yenye wafanyakazi karibu milioni 4, kikaambiwa kiyauze. Anayekumbuka zama za ubinafsishaji Afrika Mashariki anaijua hali: bei ya kutupwa, mnunuzi anayetaka kiwanja kuliko kiwanda, ahadi za ajira zinazoyeyuka. Tofauti ni ukubwa na kasi. Mkuu wa chombo hicho, Detlev Rohwedder, aliyekuwa amekadiria mali hiyo kuwa na thamani ya mark bilioni 600, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake 1 Aprili 1991. Treuhand ilipofungwa mwisho wa 1994, hesabu ilionyesha hasara ya zaidi ya bilioni 250. Wanunuzi walikuwa wa Magharibi kwa sehemu kubwa kabisa. Wenyeji, ambao hawakuwa na mtaji wala benki ya kuwakopesha, waliambulia mabaki.

Sikubaliani na wanaosema viwanda vyote vilikuwa vizima na vikauawa kwa makusudi. Vingi vilikuwa vimeshakufa siku nyingi, vilikuwa vinasubiri kuzikwa. Lakini jina la kijiji cha Bischofferode huko Thüringen halijasahaulika. Mgodi wake wa potasi ulikuwa na wateja, hata wa Magharibi. Baada ya sekta ya potasi ya Mashariki kuunganishwa na kampuni ya Magharibi iliyokuwa mshindani wake, ukaamriwa ufungwe. Mwaka 1993 wachimbaji waligoma kula. Mwisho wa mwaka mgodi ukafungwa. Kwa watu wa Mashariki huo ukawa mfano wa kuonyesha kidole: si kwamba tulishindwa, tuliondolewa sokoni.

Takwimu moja inaeleza mshtuko huo kuliko maandamano yoyote. Kati ya 1989 na 1994 idadi ya watoto waliozaliwa Mashariki kwa mwaka ilishuka kwa zaidi ya nusu. Hapakuwa na vita wala njaa. Wanawake walitazama mbele hawakuona kitu, wakaahirisha. Na wasichana wengi wakahamia Magharibi moja kwa moja.

Waliopoteza bila hata kuhesabiwa walikuwa wageni. DDR ilikuwa imeleta wafanyakazi wa mkataba kutoka Vietnam, Msumbiji, Angola na kwingineko. Wamsumbiji walikatwa sehemu ya mshahara kwa ahadi kwamba watalipwa wakirudi kwao. Mwaka 1990 wengi walirudishwa. Fedha hawakuikuta, kwa kuwa makato yale yalikuwa yameingizwa kwenye hesabu za deni kati ya serikali mbili. Maputo wanaitwa Madgermanes, na wamekuwa wakiandamana kudai haki yao kwa miongo. Waliobaki Ujerumani walikutana na jambo jingine: Hoyerswerda mwaka 1991 na Rostock mwaka 1992 makazi ya wageni yalishambuliwa siku kadhaa mfululizo huku majirani wakishangilia.

Mafaili

Kuna vita moja ambayo watu wa 2.9 walishinda. Desemba 1989 wakazi wa Erfurt waliona moshi kwenye bomba la ofisi ya Stasi, wakaelewa kwamba karatasi zinachomwa, wakaingia na kuikalia. Miji mingine ikafuata, na 15 Januari 1990 ikawa zamu ya makao makuu ya Berlin. Serikali ya Magharibi ilipendelea mafaili hayo yafungiwe kwenye hifadhi ya taifa. Wanaharakati, akiwemo Bohley, wakaingia tena kwenye jengo la Stasi Septemba 1990, wakagoma kula, mpaka wakapata sheria yao. Kuanzia 2 Januari 1992 kila raia aliweza kusoma faili lake. Yako kilomita 111 ukiyapanga kwenye rafu, mbali na magunia zaidi ya 15,000 ya karatasi zilizochanwa kwa mikono.

Watu walisoma, na baadhi wakatamani wasingesoma. Vera Wollenberger, mwanaharakati aliyefungwa na kisha akawa mbunge, aligundua kwamba aliyekuwa akipeleka habari zake ni mumewe. Mahakamani, mambo yalikwenda kwa kuchechemea. Kesi ya Honecker ilisimamishwa kwa sababu ya saratani, akafa Chile 1994. Mielke alihukumiwa miaka sita, lakini kwa kuwaua polisi wawili mwaka 1931, alipokuwa kijana wa chama. Kwa miaka yake zaidi ya 30 pale Stasi, hakutumikia hukumu yoyote. Bohley ananukuliwa sana kwa maneno aliyoyasema kuhusu hali hiyo: tulitaka haki, tukapata utawala wa sheria.

Kura za leo

Kwa miaka 20 hasira za Mashariki zilibebwa na warithi wa SED. Chama hicho, kilichoitwa PDS na baadaye Die Linke, kiliwasaidia wastaafu kujaza fomu na kikapata kura, mpaka 2014 kikatoa waziri mkuu wa jimbo la Thüringen. Kilipozoea viti vya enzi, hasira ikatafuta mbebaji mwingine. Mwaka huo huo, Dresden, waandamanaji wanaopinga wahamiaji walianza kujipanga kila Jumatatu na kupaza sauti "Wir sind das Volk". Chama cha AfD, cha mrengo mkali wa kulia, kikatumia kampeni ya 2019 huko Brandenburg kuwaambia watu wayakamilishe mageuzi ya 1989. Mwaka 2024 kikaongoza Thüringen kwa asilimia 32.8, na kwenye uchaguzi wa taifa wa Februari 2025 kikapata 38.6 katika jimbo hilo, wakati kitaifa kilipata 20.8. Kiongozi wake huko, Björn Höcke, ni mzaliwa wa Magharibi. Waliosimama Leipzig na mishumaa wanaiona kauli yao midomoni mwa watu hawa kama mtu anayeiona nguo yake iliyoibiwa ikipita barabarani.

Haitoshi kusema watu wa Mashariki ni wabaguzi, wala haitoshi kusema ni maskini. Pensheni zao zilipanda, hewa ya Bitterfeld, mji wa viwanda vya kemikali, inavutika, Leipzig inakua. Merkel alitawala miaka 16. Lakini mpaka 2020 hakuna jaji hata mmoja mzaliwa wa Mashariki aliyekuwa amekaa kwenye Mahakama ya Katiba. Mkuu wa chuo, hakimu, mwenye kiwanda, mhariri: mara nyingi alikuja kutoka upande wa pili. Uhuru ulifika, na pamoja nao wakafika wenye kuuendesha.

Mzizi uko kwenye uamuzi mmoja wa 1990. Katiba ya Magharibi ilikuwa na njia mbili za kuunganisha nchi. Kifungu cha 23 kiliruhusu maeneo mengine yajiunge na dola iliyopo, kwa katiba iliyopo. Kifungu cha 146 kilisema katiba hiyo itakoma siku Wajerumani watakapojiamulia mpya kwa uhuru. Meza ya Duara iliandika rasimu yake ya katiba, lakini Bunge jipya likakataa hata kuipeleka kwenye kamati. Usiku wa kuamkia 23 Agosti 1990 likapiga kura ya kujiunga kwa njia ya kifungu cha 23: 294 ndiyo, 62 hapana. Gregor Gysi wa PDS alisimama akasema kwamba Bunge limeamua kuangamia kwa DDR, na wabunge wa upande wa pili wakampigia makofi. Tarehe 3 Oktoba nchi ikatoweka.

Kifungu cha 23 cha zamani kilifutwa, kwa kuwa kazi yake ilikwisha. Kifungu cha 146 kilifanyiwa marekebisho madogo na kingali cha mwisho kabisa kwenye katiba ya Ujerumani, kikisema kile kile: siku wananchi watakapojiandikia katiba yao, hii itakoma.